Majivu Ambayo Hakuna Aliyeyachakura: Hofu, Ajali na Kunusurika katika Msako wa Wakomunisti Marekani

Katika chumba cha chini ya nyumba ya tajiri mmoja jijini Chicago, kijana mweusi mwenye umri wa miaka 20 anahojiwa na mpelelezi wa kukodiwa. Mpelelezi ameshapata vijitabu vya chama chumbani mwa kijana huyo, na kwa hiyo maswali yake yote yanaelekea upande mmoja: nani alikupa hivi, unakutana nao tangu lini, je, wewe ni Mkomunisti? Katika nyumba hiyohiyo linanguruma tanuri la makaa linalowapasha joto wote waliomo, na ndani ya tanuri hilo umo mwili wa binti wa mwenye nyumba, ambaye ndiye anayetafutwa. Mpelelezi haligusi tanuri. Ni mtu mwenye bidii, mkali, anayeijua kazi yake, ila jibu alikuwa nalo kabla hajauliza swali, na jibu hilo halikuwa chini ya makaa.

Tukio hili limo katika Native Son, riwaya ya Richard Wright iliyotoka Machi 1940. Nimeanza nalo kwa sababu linatangulia kwa miaka kumi ule msako wa Wakomunisti ambao watu wengi huukumbuka kwa jina la Seneta Joseph McCarthy, na bado linaueleza vizuri kuliko hotuba nyingi zilizotolewa msako wenyewe ulipokuwa umepamba moto. Mjadala juu ya miaka ile, hadi leo, hugawanyika mara mbili. Wako wanaosema hofu ilikuwa ya kubuniwa na wanasiasa waliotaka kura. Wako wanaosema hofu ilikuwa ya haki, kwa kuwa majasusi walikuwepo kweli. Nadhani pande zote mbili zinalibishania swali jepesi. Swali zito ni hili: mtu mwenye sababu ya kuogopa anakuwaje akamkosa anayemwogopa, huku akiwaumiza walio karibu?

Wright alizaliwa 1908 karibu na Natchez, Mississippi, akahamia Chicago 1927, na katika miaka ya 1930 akaingia Chama cha Kikomunisti cha Marekani kupitia klabu ya waandishi iliyobeba jina la John Reed, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa Mkomunisti. Alipoandika riwaya hii alikuwa bado mwanachama. Book-of-the-Month Club, klabu ya wasomaji iliyokuwa na nguvu kubwa katika soko la vitabu, iliichagua baada ya yeye kukubali kupunguza sehemu kadhaa, na haikuwa imewahi kumpa mwandishi mweusi nafasi hiyo; nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa ndani ya wiki tatu. Juni ya mwaka huohuo Rais Roosevelt alitia saini Sheria ya Smith, iliyofanya kuwa jinai kuhubiri kuipindua serikali kwa nguvu, na ni kwa sheria hiyo viongozi wa chama walishtakiwa mwaka 1948. Riwaya na sheria vilizaliwa mwaka mmoja, na kila kimoja kilikuwa na maoni yake kuhusu hofu.

Kitabu kimegawanywa sehemu tatu, kila moja na jina la neno moja. Ya kwanza ni Hofu. Ya pili ni Kukimbia. Ya tatu ni neno ambalo lingemkunisha kichwa mfasiri yeyote wa Kiswahili, si kwa kukosa neno bali kwa kuwa nayo mengi. Lipo majaaliwa, lenye upole wa dua. Lipo kudura, linalomrudishia Mungu shauri lote. Lipo takdiri. Na lipo ajali, ambalo siku hizi tunalisikia zaidi kwa askari wa barabarani, lakini ambalo asili yake ni ile siku aliyoandikiwa mtu, maana ambayo bado inasikika chini kwa chini katika methali isemayo ajali haina kinga. Ningekuwa mimi, ningelichukua hili la mwisho, kwa sababu kifo cha Mary Dalton ni ajali kwa maana zake zote mbili, na ugumu wote wa riwaya umekaa katikati ya maana hizo.

Bigger Thomas, ndilo jina la kijana, ameajiriwa kuwa dereva. Usiku wa kwanza Mary anamwagiza ampeleke chuoni, kisha anabadili safari ili akutane na mpenzi wake, Jan Erlone, ambaye ni Mkomunisti. Jan anamshika Bigger mkono, anakataa kuitwa bwana, wanabanana watatu kiti cha mbele, na wale weupe wawili wanataka wapelekwe mkahawa ambako watu weusi wenyewe hula. Kwao huo ni udugu. Kwa Bigger kila tendo la udugu ni mtego mpya, kwa maana hajawahi kuona Mzungu akimkaribia bila yeye kulipa gharama ya ukaribu huo. Wanaporudi, Mary amelewa hata hawezi kupanda ngazi, na Bigger anambeba hadi chumbani. Mama wa Mary, ambaye ni kipofu, anaingia. Mtu mweusi kukutwa usiku katika chumba cha binti mweupe, katika Marekani ya miaka ile, hakuhitaji kesi. Bigger anaubonyeza mto usoni mwa Mary ili asitoe sauti. Mama anasali, anaondoka. Mary hapumui tena.

Hakukusudia kumuua, na hilo linaifanya ajali kwa maana ya barabarani. Ila Wright anapanga kila kitu ili tuione pia ajali ile ya zamani, iliyoandikwa, na anatuonyesha ni nani walioiandika. Familia ya Bigger inaishi katika chumba kimoja chenye panya upande wa kusini wa Chicago, kwa kodi ya dola 8 kwa wiki, na nyumba hiyo ni mali ya kampuni ya yuleyule Bwana Dalton aliyemwajiri, ambaye pia hutoa misaada ya meza za ping-pong kwa vijana weusi. Takdiri ya Bigger, kwa maneno mengine, ina mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo ni mfadhili. Mwaka 1949 mwandishi mweusi James Baldwin aliilaumu riwaya hii kwamba imemfunga Bigger ndani ya picha ileile ambayo wabaguzi walimchorea, na lawama hiyo ina uzito. Mtu ambaye kila hatua yake imekwisha kuamuliwa si rahisi kumwita mtu kamili. Naikubali nusu. Nusu nyingine inanikatalia kwa sababu ya jambo ambalo Bigger analifanya asubuhi inayofuata, ambalo hakuna aliyemwamulia.

Analifanya kwa akili timamu. Anakumbuka kwamba Jan ni Mkomunisti, kwamba familia ya Mary haimpendi, na kwamba mji mzima uko tayari kuamini lolote baya juu ya watu wa aina yake. Basi anamtaja Jan. Baadaye anaandika barua ya kudai kikombozi cha dola 10,000, anaitia saini kwa jina Mwekundu, na chini yake anachora nyundo na mundu kama alivyoviona kwenye vijitabu. Kijana ambaye hakupata nafasi ya kusoma vya kutosha ameisoma nchi yake barabara: amegundua kwamba, kwa mtu anayetaka kunusurika, hakuna ngazi fupi kuliko jina la Mkomunisti. Na mpelelezi anaipanda ngazi hiyo mbiombio. Ubaguzi unamwambia kwamba dereva mweusi hawezi kubuni mpango kama huu, na hofu ya Wakomunisti inamwambia nani anaweza. Hofu mbili zinasaidiana kumfumba macho. Siri inakuja kufichuka kwa sababu majivu hayajazolewa, moshi unajaa chumbani, na mwandishi mmoja wa habari anapochokoa, mifupa na hereni vinatokeza.

Sasa tuiache riwaya kidogo tuwape nafasi walioogopa katika historia yenyewe, kwa kuwa wao ndio hudhihakiwa upesi. Hofu yao ilikuwa na mguu wa kusimamia. Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyefanya kazi Los Alamos, maabara ya Marekani ya kutengeneza bomu la atomiki, alikiri mapema 1950 kwamba aliwapa Wasovieti siri za bomu la atomiki. Julius Rosenberg aliendesha mtandao uliowapelekea siri za teknolojia ya kijeshi. Jumbe za kijasusi za Wasovieti, ambazo jeshi la Marekani lilianza kuzishughulikia mwaka 1943 katika mradi ulioitwa Venona, zilifichwa hadi Julai 1995. Zilipotolewa, wanahistoria John Earl Haynes na Harvey Klehr walihesabu watu 349 waliokuwa na uhusiano wa siri na ujasusi wa Kisovieti, karibu nusu yao wakijulikana kwa majina ya bandia tu. Wenzao wameipinga hesabu hiyo, wakisema kutajwa kwenye ujumbe wa jasusi si sawa na kuwa jasusi. Hata ukiikata katikati, haifiki sifuri.

Tena matukio yalikuja kwa kasi ambayo ingemtia kiwewe hata mtu mtulivu. Tarehe 29 Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki. Oktoba 1 Mao alitangaza jamhuri mpya Beijing. Juni 25, 1950, majeshi ya Korea Kaskazini yalivuka kwenda kusini. Ni miezi kumi tu. Na Chama cha Kikomunisti cha Marekani, kwa upande wake, hakikuwa chama kama vingine. Mwaka 1939, Stalin alipofanya mkataba na Hitler, chama kilichokuwa kikihubiri mapambano dhidi ya ufashisti kiligeuza mahubiri yake mara moja. Mtu aliyeuliza kama chama hiki kinapokea maagizo kutoka nje hakuwa mwendawazimu wala mchochezi. Aliuliza swali lenye jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Upande wa pili unaanzia palepale: kama jibu lilikuwa ndiyo, kwa nini njia iliyotumika kulitafuta iliwapata watu wengine? Machi 1947 Rais Truman aliagiza watumishi wa serikali wachunguzwe uaminifu wao. Hadi katikati ya miaka ya 1950 zaidi ya milioni 5 walikuwa wamepitishwa katika chekeche hilo. Takriban 2,700 walifukuzwa, na wengine wanaokadiriwa kufika 12,000 walijiuzulu. Mara nyingi aliyeshtakiwa hakuambiwa ni nani amemshtaki. Mfanyakazi mmoja mweusi wa idara ya ajira aliulizwa na bodi kama aliwahi kuandika barua ya kulalamikia Shirika la Msalaba Mwekundu kwa kutenganisha damu ya watu weusi na ya watu weupe. Lipime swali hilo. Bodi ilikuwa inatafuta majasusi wa Moscow, na chombo ilichokitumia ni kuuliza nani anaudhiwa na ubaguzi. Wengine waliulizwa kama wana sahani za santuri za mwimbaji mweusi Paul Robeson nyumbani, au kama huwakaribisha weusi mezani. Yule mpelelezi wa Chicago hakuwa ametiwa chumvi.

McCarthy mwenyewe alifika kuchelewa. Alger Hiss, afisa wa zamani wa Wizara ya Mambo ya Nje, alitiwa hatiani Januari 1950 kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu tuhuma za ujasusi. Siku 19 baadaye, Februari 9, McCarthy alisimama Wheeling, West Virginia, akasema ana orodha ya Wakomunisti 205 katika wizara hiyo. Baada ya siku chache wakawa 57. Alipofika katika ukumbi wa Seneti wakawa 81. Kufikia hapo mitandao mikubwa ya Wasovieti ilikuwa imeshavurugwa, hasa baada ya Elizabeth Bentley, mjumbe wao, kwenda FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na kusimulia yote mwaka 1945. Ni kusema kwamba mtu alilipigia tanuri kelele wakati makaa yameshapoa, tena alikuwa amelipa mgongo. Seneti ilimkaripia rasmi Desemba 1954 kwa kura 67 dhidi ya 22, naye akafariki 1957 akiwa na miaka 48.

Kwangu mimi, dhara lake kubwa kuliko yote halikuwa kwa wasio na hatia pekee. Aliwakinga pia wenye hatia. Kwa kuwa tuhuma ilikuwa imechafuliwa na watu waliokuwa wakibadili idadi kila wiki, aliyetuhumiwa kwa haki aliweza kujifunika shuka moja na aliyetuhumiwa kwa dhuluma. Hiss aliikana tuhuma ya ujasusi hadi alipofariki 1996, na watu wengi waaminifu walimwamini kwa sababu ya aina ya maadui aliokuwa nao. Serikali nayo ilichangia. Ilikuwa na ushahidi wa Venona kabatini, ikachagua kutoutoa ili isiwaoneshe Wasovieti kwamba fumbo lao limefumbuliwa. Ukimya ukaacha nafasi tupu, na nafasi tupu katika siasa haikai siku mbili bila kupata mpangaji.

Watetezi wa miaka ile husema haikuwezekana vinginevyo: kwa mabomu yale, kwa Korea ile, nchi yoyote ingefanya hivyohivyo. Hii ni hoja ya ajali haina kinga, na inajibika kwa mfano. Uingereza ndiyo iliyokuwa imemwajiri Fuchs. Ndiyo iliyowaona Guy Burgess na Donald Maclean, maafisa wake wa mambo ya nje, wakitoroka Mei 1951. Iliogopa, iliwaondoa baadhi ya watumishi kimyakimya, lakini haikujenga kamati za kuwasimamisha waigizaji na walimu mbele ya kamera na kuwadai majina ya rafiki zao. Sitaki kuufanya mfano huu uwe mtamu kuliko ulivyo: upole wa Uingereza ulikuwa pia upole wa watu waliosoma shule moja, na Kim Philby, jasusi mkubwa kuliko wale wawili, aliponyoka hadi Moscow mwaka 1963. Njia ya Waingereza ilikuwa na gharama yake. Ila njia mbili zilikuwepo, na palipo na njia mbili huwezi kusema uliandikiwa.

Linashangaza jinsi mazungumzo ya kuandikiwa yalivyokuwa ya pande zote. Wakomunisti waliamini historia ina mwelekeo wake na kwamba ushindi wao umo ndani ya mwelekeo huo. Whittaker Chambers, aliyekuwa kiungo cha ujasusi kisha akawa shahidi mkuu dhidi ya Hiss, mtu aliyezificha filamu za ushahidi ndani ya boga lililokombwa shambani kwake Maryland, alieleza katika kumbukumbu zake za 1952 kwamba alipokihama chama alimwambia mkewe wanaondoka upande unaoshinda na kuingia upande unaoshindwa. Mpinzani mkubwa wa Ukomunisti aliamini takdiri ileile waliyoiamini Wakomunisti. Alichokataa ni kuifurahia tu. Mtu anayejiona ameshashindwa hupigana kwa namna ya pekee. Haoni sababu ya kuwa mwangalifu na wale wanaosimama katikati.

Na katikati ndipo walipokuwa wengi, wakitafuta jinsi ya kunusurika. Kesi ya akina Rosenberg inaonyesha kunusurika kulivyo kwa sura yake mbaya zaidi. Julius alikuwa na hatia. Mkewe Ethel aliuawa pamoja naye katika gereza la Sing Sing, Juni 19, 1953, na ushahidi mzito dhidi yake ulikuwa kwamba alipiga chapa maelezo ya siri. Aliyetoa ushahidi huo ni mdogo wake wa kuzaliwa, David Greenglass, ambaye mwaka 2001 ilijulikana amekiri kwamba hakukumbuka dada yake akipiga chapa hiyo, na kwamba alisema vile ili kumwokoa mke wake mwenyewe. Yeye alitoka gerezani 1960. Hapa hofu ya taifa ilikuwa ya haki kuhusu mume, na kwa upande wa mke ikategemea neno la mtu aliyekuwa anachagua kati ya dada na mke.

Wengine walinusurika bila damu, lakini hawakunusurika wazima. Mshairi mweusi Langston Hughes aliitwa mbele ya kamati ya McCarthy Machi 1953. Hakutaja jina la mtu; alisema tu kwamba mashairi yake ya zamani hayabebi tena mawazo yake, akaruhusiwa kwenda. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha watoto kuhusu Wamarekani weusi mashuhuri, na W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mkubwa na mtetezi wa haki za weusi, hamo. Sijui adhabu gani kwa mwandishi iliyo nzito kuliko kulazimika kumwacha nje mtu ambaye msomaji yeyote atamtafuta kwanza. Robeson, ambaye miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili katika chuo cha lugha jijini London, alichagua njia nyingine. Hati yake ya kusafiria ilizuiwa 1950, naye hata Kanada, ambako Mmarekani hakuhitaji hati, akakatazwa kwenda. Mei 1952 alipanda nyuma ya lori lililoegeshwa mpakani, upande wa jimbo la Washington, akawaimbia waliokusanyika pande zote mbili za mpaka. Hati aliirudishiwa 1958. Kati ya miaka hiyo minane sauti ilibaki ileile, kumbi ndizo zilizofungwa.

Wright mwenyewe anauharibu mpango wa yeyote anayetaka kuigawa hadithi hii kati ya wema na wabaya. Mwaka 1944 alitangaza hadharani kuachana na chama, katika makala iliyotoka jarida la Atlantic Monthly. Anasimulia humo kesi ya mwanachama mmoja aliyeshtakiwa na wenzake Chicago. Wasemaji walianza na hali ya dunia, wakashuka hadi nchi, hadi mji, hadi mtaa, na mwisho kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yao. Kufikia hapo mshtakiwa hakuwa na haja ya kushurutishwa, alilia, akakiri kila kitu. Wright aliuona utukufu katika tukio hilo, na aliuona utisho. Anasimulia pia kwamba aliwaza: kama watu hawa wangekuwa na mamlaka ya dola, mimi ningeshahukumiwa kuwa msaliti na kuuawa. Siku ya Mei Mosi ya 1936 walikuwa wamemtoa kwa nguvu kwenye maandamano, na wenzake weusi wakabaki kutazama.

Ushuhuda huo ulichapishwa tena 1949 katika mkusanyiko wa waandishi waliokihama Ukomunisti, ukawa silaha mikononi mwa upande wa Marekani. Ungetarajia basi FBI ilifunge jalada lake. Halikufungwa. Alihamia Paris 1947, akaigiza mwenyewe nafasi ya Bigger katika filamu iliyopigwa Argentina, akiwa na miaka 40 na ushei akijifanya kijana wa 20 (ni filamu ngumu kuitazama bila huruma), na alifariki huko Paris mwaka 1960 akiwa bado anafuatiliwa. Kwa Wakomunisti alikuwa msaliti. Kwa serikali yake alikuwa mweusi aliyewahi kuwa Mkomunisti, na sehemu ya kwanza ya maelezo hayo haiwezi kukanwa katika jarida lolote.

Tunarudi kwa Bigger, kwa sababu bado kuna deni. Nimesema hofu inaeleza kifo cha Mary. Haielezi cha Bessie. Bessie ni mpenzi wake, mweusi kama yeye, mfanyakazi wa ndani anayechoka kutwa na kunywa jioni ili asahau uchovu. Bigger anamwingiza katika mpango wa kikombozi, na mambo yanapoharibika anaona hawezi kukimbia naye wala kumwacha nyuma akiwa na siri. Anamuua usingizini kwa tofali, anautupa mwili. Hapa hapana mto, hapana mama kipofu mlangoni, hapana ajali kwa maana yoyote. Ni hesabu ya mtu anayetaka kunusurika, na mtu huyo anamfanyia aliye dhaifu kuliko yeye kile alichofanyiwa. Katika kikao cha uchunguzi wa kifo, kabla ya kesi yenyewe, mwili wa Bessie unaletwa kuwa kithibitisho cha kesi ya Mary. Hakuna aliyeshtuka kwa ajili ya Bessie mwenyewe. Wakili wa Bigger, Boris Max, naye ni rafiki wa chama, anasema kwa haki kwamba kumsaka Bigger kulitumiwa kuwatisha weusi wote, kukamata mamia ya Wakomunisti na kuvamia ofisi za vyama vya wafanyakazi, lakini hata katika hotuba yake ndefu Bessie anapata nafasi ndogo.

Nauweka mpaka wangu hapo hata katika historia. Kwa mwaka 1945 au 1949 ninaweza kuelewa mkono ulioshtuka na kubonyeza. Siwezi kutumia neno hofu kwa bodi iliyoketi miaka mingi baadaye, kwa utulivu, na faili mezani na chai pembeni, ikimuuliza mtu kuhusu damu na santuri. Waliokuwa mezani hawakuwa wakitetemeka.

Jan, yule aliyetajwa bure, anafanya jambo ambalo katika historia ni nadra kulikuta. Anakuja gerezani. Amempoteza mpenzi wake, amelala rumande kwa kosa lisilo lake, na aliyemfikisha huko ameketi mbele yake. Anamwambia Bigger kwamba sasa ameanza kuelewa, na anamletea Max awe wakili. Haikumwokoa, hukumu ni kiti cha umeme. Siku ya mwisho Bigger anajaribu kumweleza Max kwamba alichokiulia ndicho kilichomfanya awe yeye, na Max, mtu wa nadharia nzuri, anarudi nyuma kwa hofu, akipapasa kofia yake kama kipofu. Max anapoondoka, Bigger anamwita kupitia nondo. Anataka apeleke salamu kwa Jan. Anaanza na neno bwana, ambalo usiku ule wa kwanza ndani ya gari Jan alimkataza asilitumie, na midomo ikakataa kutii. Sasa analikatisha katikati, na kuanza upya na jina peke yake: Jan, msalimie.